Lanchi ya kubeba kazini kwa sisi wa Tanga: ipikike haraka, ishibishe, na isichache kabla ya saa saba

Jamani naandika hii kwa ajili ya watu wanaotoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, jioni wanarudi hoi, na hapo katikati lanchi yao ni chipsi mayai na soda kwa sababu ndo kitu kilicho karibu na geti la ofisi. Mi nimekula hivo miaka mitatu nikifanya kazi Chumbageni, na kila siku ikifika saa nane mchana macho mazito, kichwa kinagonga, mpaka saa kumi ndo narudi kuwa mtu. Nilidhani ni uchovu wa kazi. Nilipoanza kubeba chakula changu ule usingizi ulipungua ndani ya wiki mbili, na hela niliyokuwa natoa kila mchana ikaanza kubaki kwenye pochi, kwahiyo naandika yote ninayofanya, hatua kwa hatua, pamoja na sehemu ambazo wengi tunakosea.

Kitu cha kwanza ukishike kabla hujaenda hata sokoni. Kupika sio shida, kupika tunajua wote. Kinachotuangusha watu wa pwani ni joto. Umefunga chakula saa moja, unakifungua saa saba, hayo ni masaa sita, na Tanga hii kuanzia Januari mpaka Machi mchana unapita nyuzi 30 bila tabu. Bakteria wanaoharibu chakula wanazaliana haraka sana kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa hapo zaidi ya masaa mawili, joto likipita nyuzi 32 ni lisaa limoja tu. Kwahiyo lanchi yako iwe ya moto kweli mpaka unapoila au iwe ya baridi kweli. Ya vuguvugu usiibebe kabisa. Mapishi yote hapa chini nimeyapanga kwa kuangalia hilo kwanza, utamu unafuata.

HATUA YA 1: VYOMBO

Kwa chakula cha moto tafuta thamosi ya chakula, ile ya stenlesi yenye mdomo mpana. Zile hotpoti kubwa za kuwekea wali mezani ni za kusubirisha chakula watu wakinawa mikono, sio za kukaa nacho mpaka mchana, nyingi baada ya masaa mawili matatu chakula kimeshapoa. Ukitaka kujua yako inafaa ijaribu siku ya Jumapili: mimina maji yaliyochemka mpaka juu, funga, fungua baada ya masaa sita. Kama una kipimajoto cha jikoni isome, ikiwa juu ya 60 ni nzuri. Kama huna, mimina kidogo kwenye kikombe, yanatakiwa yatoe mvuke na yawe ya kuunguza kidole, ukiweza kuyanywa kama maji tu basi hiyo thamosi ni ya uji wa kunywa njiani, sio ya lanchi.

Na kila asubuhi kabla ya kuweka chakula, jaza maji ya moto humo ndani dakika 5 hadi 10 ukiwa unafanya mengine, mwaga, afu weka chakula kikiwa kinachemka na ujaze mpaka karibu na mfuniko. Watu wanaruka hii hatua kisha wanalaumu chombo. Chuma kikiwa baridi kinaanza kwa kunyonya joto la chakula chako.

Kwa chakula cha baridi unahitaji bakuli lenye mfuniko unaobana na chupa ya maji ya nusu lita uliyoigandisha usiku kucha (usiijaze mpaka juu, barafu inavimba itapasua). Ikibidi weka chupa mbili, moja juu moja chini ya bakuli, zungushia taulo au kipande cha khanga cha zamani, ndani ya kikapu. Siku za joto kali mi natumia mbili. Saa saba unakuta barafu bado kidogo katikati, na hayo ndo maji yako ya kunywa. Kama ofisini kuna friji umeshapona, weka humo ukifika tu, usisubiri saa nne.

HATUA YA 2: SOKONI JUMAMOSI

Mi naenda Mgandini asubuhi kabla jua halijapanda. Kwa mtu mmoja wiki nzima nabeba hivi: choroko au mbaazi kavu nusu kilo, mayai 5, viazi vitamu vya wastani 4, mchele ninao nyumbani, nazi 1, nyanya na vitunguu vya kutosha, karoti na kabichi zile zinazoshuka kutoka Lushoto, hoho, ndimu 6, kotmiri, mchicha au matembele mafungu mawili, bamia kidogo zikiwepo, na machungwa. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika sinunui tunda lingine.

Mboga za majani usizioshe zikiwa zinaenda kukaa, zinaoza. Chambua, funga kwenye gazeti au kitambaa kikavu, weka friji, osha siku ya kupika.

Samaki naenda Deep Sea. Hapa nakaa kidogo kwa sababu samaki ndo hela yako na ndo afya yako. Jumamosi iliyopita kulikuwa na vibua kwenye meza mbili zinazotazamana. Meza ya kwanza kaka akaniambia, "Hawa wa alfajiri dada, shika mwenyewe." Nikamshika mmoja, nikainua shavu kwa kidole gumba: ndani pekundu kama damu, pabichi, panatoa harufu ya bahari tu. Nikabonyeza tumbo, likarudi. Jicho limetokeza, jeusi linang'aa. Meza ya pili bei ilikuwa chini, ila macho yameingia ndani yana ukungu, mashavu kahawia, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na wako juani hawana hata kipande cha barafu. Watu walikuwa wananunua.

Tafadhali usinunue kibua, jodari wala nguru wa namna hiyo hata ukiwa na pilipili na ndimu za dunia nzima. Samaki hawa wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini kwenye nyama, na hicho hakitoki kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kugandisha. Mi ilishanikuta, ndani ya nusu saa uso mwekundu, mwili unawasha, moyo unaenda mbio, nikadhani nimepata mzio wa samaki. Kumbe samaki alilala nje. Ukinunua nenda na mfuko wa barafu au chupa yako ya kugandisha, usianze kupitia kwa shoga kupiga stori.

HATUA YA 3: JUMAPILI JIONI, MASAA MAWILI

Siri ni kwamba hupiki lanchi tano. Unaandaa vitu vinne ambavyo asubuhi unavichanganya tu: jamii ya kunde, samaki, mayai, na mboga mbichi iliyokatwa. Wali haumo, nitaeleza.

Kunde kwanza kwa sababu zinachukua muda. Choroko hazihitaji kulowekwa, dakika 30 hadi 40 zimeiva. Mbaazi kavu loweka tangu Jumamosi usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, kama lisaa kwenye sufuria ya kawaida, dakika 20 hivi kwenye presha. Ukipenda maharage, haswa yale mekundu, yaloweke na yachemke kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla hujapunguza moto, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauitoi, inasokota tumbo vibaya. Nusu kilo ikiiva inakupa kama vikombe 6. Kikombe kimoja cha choroko zilizoiva kina kama gramu 14 za protini, hiyo inazidi mayai mawili, kwahiyo asikudanganye mtu kuwa bila nyama hujala.

Na hapa ndo sehemu ninayotaka kila mtu wa pwani aisikie: USIWEKE TUI JUMAPILI. Sisi tumezoea mbaazi za nazi, ukipika sufuria lote na tui afu unakula mpaka Alhamisi, Jumanne tu limeshachacha, maana tui haliishi kabisa kwenye joto letu. Chemsha kunde zako na chumvi kidogo tu, zipoze, zigawe kikombe kikombe kwenye mifuko, siku mbili tatu za mwanzo ziwe friji, zinazobaki frizi. Nazi ikune, kamua, tui zito la kwanza ligandishe kwenye kile chombo cha kutengenezea barafu, vipande vidogo vidogo. Asubuhi unatoa vipande vitatu vinne unatupia kwenye sufuria. Tui la pili pikia mboga ya usiku huo huo. Ukifanya hivi unakula mbaazi za nazi za Alhamisi zenye ladha kama zimepikwa leo, na pia nazi inatumika kwa kipimo, kwa sababu mafuta ya tui ni mazito, mtu wa presha au mwenye uzito mkubwa hatakiwi kunywa bakuli zima kila siku.

Samaki: vibua wanne, safisha, chanja, kitunguu swaumu, tangawizi, ndimu, pilipili manga, chumvi kiasi. Waache dakika 15 kwenye friji, afu choma kwenye wavu au kwenye kikaango kikavu chenye mafuta kijiko kimoja, dakika 5 au 6 kila upande mpaka nyama inajitenga na mwiba. Samaki wa kukaanga kwenye mafuta mengi ni wa sherehe. Wakipoa toa nyama, chambua miba yote (ofisini hakuna mtu anataka kuhangaika na mwiba huku simu inaita), weka kopo. Hawa ni wa Jumatatu na Jumanne tu.

Mayai: yakishachemka hesabu dakika 10, ingiza maji baridi, usiyamenye, maganda yanayalinda. Friji yanakaa wiki.

Mwisho kata kabichi na karoti nyembamba, weka zikavu. Nyanya na vitunguu vya kachumbari usikate leo, zitatoa maji.

Sasa wali. Wali uliolala juu ya jiko ni hatari kuliko tunavyochukulia. Kuna bakteria ambaye mbegu zake zinastahimili kuchemka, wali ukikaa nje zinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki, na ndo maana mtu anapasha wali mpaka unaungua na bado anatapika. Kwahiyo pika jana yake usiku, kikombe kimoja, ukiiva tu umwage kwenye sinia pana utandaze, utapoa ndani ya nusu saa, uingie friji, kesho uliwe. Pasha mara moja tu. Asubuhi nyunyizia maji vijiko viwili, funika, moto mdogo, mpaka utoe mvuke kila mahali na sio pembeni tu.

HATUA YA 4: ASUBUHI, DAKIKA 15

Kipimo changu cha sahani ni rahisi: nusu mboga, robo wanga, robo kitu cha protini. Tanga wengi wetu tumelelewa na kilima cha wali na mchuzi pembeni, na hapo ndo usingizi wa saa nane unapotoka. Sikuambii uache wali, punguza mpaka ujae ngumi yako, mboga ijae pale palipobaki.

Jumatatu. Mbaazi za nazi kwenye thamosi. Kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu nusu, nyanya moja, binzari, hoho, vikiiva tia mbaazi kikombe na maji kidogo, vipande vya tui, na mchicha uliooshwa mikono miwili, unanywea dakika tatu tu. Vichemke kweli kweli, tia kwenye thamosi iliyopashwa. Wali wako unaupasha unauweka humo humo chini au juu, mi nauweka chini unanyonya mchuzi. Huna haja ya kiungo cha mchemraba, zile ni chumvi tupu, na Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo kwenye mkate wa asubuhi.

Jumanne. Samaki baridi na viazi vitamu. Viazi vimechemshwa usiku na maganda, vipo friji. Kachumbari ya kabichi, karoti, kitunguu, kotmiri, ndimu. Kitunguu kikate, kifikiche na chumvi, kikamue maji, hapo hakitakunukia mdomoni ukirudi kwa wateja. Ndimu beba nzima, kamulia ukifika mezani, kabichi inabaki inakwaruza meno vizuri. Vyote viende na barafu.

Jumatano ni siku ya uvivu wangu, saladi ya choroko. Choroko kikombe, karoti, hoho, nyanya bila mbegu, kitunguu, yai moja lililokatwa, ndimu, mafuta kijiko cha chai, pilipili. Haipashwi, inaliwa baridi, dakika saba umemaliza. Mwanzoni wenzangu ofisini walishangaa mtu anakula choroko baridi, sasa wawili wanafanya.

Alhamisi chapati za maji. Unga kikombe, yai, maji, karoti iliyokunwa na kitunguu humo humo, unatengeneza mbili tatu kwenye kikaango. Mimi nachanganya nusu unga wa ngano na nusu wa dona, zinashibisha zaidi. Zipoze kwanza kwenye sinia zisitoe jasho, viringisha ndani yake kabichi iliyokaangwa kidogo bila kulainika na mayai mawili ya kuchemsha uliyoyaponda. Kwa kuwa kuna mayai nayo iende na barafu, usiiache juu ya dawati.

Ijumaa sibebi. Watu wanatoka kwenda kuswali, wakirudi ni pilau na biriani kila kona, na mi napenda kukaa na wenzangu. Siku hiyo nanunua kwa mama lishe, ila naagiza kwa sauti: "Mama, wali nusu, mboga weka mara mbili, samaki wa mchuzi sio wa kukaanga, na mchuzi usiweke wa juu wenye mafuta." Wa kwangu alikuwa ananishangaa, siku hizi akiniona tu anasema "mwanangu nusu wali" na ananiwekea kisamvu hadi kinamwagika. Angalia pia kama sufuria zake ziko juu ya moto na zinatoa mvuke. Kama chakula kimepikwa saa nne na kimekaa kwenye beseni limefunikwa na kitambaa tu, tafuta sehemu nyingine.

VINYWAJI NA TUNDA

Soda ya chupa ya mililita 350 nyingi zina kama gramu 35 za sukari au zaidi, karibu vijiko 9 vya chai. Hakuna mtu angeweka vijiko tisa kwenye kikombe chake akanywa. Maji yako yaliyoyeyuka yapo, dafu likipita nunua moja, ukwaju unywe usio na sukari nyingi.

Na chai ya rangi, najua hapa nagusa pabaya. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha, matembele na kunde ulizokula, kwahiyo isogeze lisaa limoja baada ya chakula. Badala yake kula chungwa papo hapo, vitamini C yake inafanya kazi ya kinyume, inasaidia chuma kiingie. Kwa akina dada wanaopungukiwa damu hili jambo dogo lina maana kubwa sana.

UMEME UKIKATIKA

Friji usiifungue fungue, ikibaki imefungwa inahifadhi ubaridi kama masaa manne. Frizi iliyojaa inaweza kwenda masaa 48, ikiwa nusu ni kama 24, ndo maana mi najazia nafasi kwa chupa za maji. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu usionje chakula ili kujua kama kimeharibika, vingi vinavyoumiza havina harufu wala ladha. Samaki na wali vimwage. Kunde zilizo frizi kama bado zina chembe za barafu zirudishe.

Siku umechelewa kabisa na hata zile dakika 15 huna: viazi vitamu viwili na mayai mawili kwenye maganda yake vilivyochemshwa tayari, nyanya nzima, chungwa, chupa ya barafu. Dakika tatu mlango umefungwa.

Jioni ukirudi thamosi ioshe siku hiyo hiyo. Vua ile raba ya mfuniko, mafuta ya tui yanajificha chini yake na ndo yanayoleta harufu, isugue kwa sabuni na maji ya moto, acha mfuniko wazi usiku kucha.